Mguu Kwenye Picha ya Soko

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
Dar es Salaam
6 Novemba 1983

Mwanangu Hyasinta,

Salamu nyingi wewe na watoto. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanaleta siasa.

Kabla hujasikia kwa mtu mwingine, sikia kwangu, maana hapa Kariakoo kila mtu anaisimulia habari ya baba yako, na kila mtu anaisimulia kombo. Muuza kahawa anasema Wilbert alikimbia mpaka Mchikichini ndipo wakamkamata. Wilbert gani huyo wa kukimbia, mtu aliyekuwa anafika kwenye moto nyumba ikiwa imeshapoa? Mama mmoja wa vitumbua anasema alilia. Mwingine, tena mtu mzima na kofia yake kichwani, anasema alikuwa amelewa. Waongo wote. Mimi nilikuwepo, na mimi ndiye niliyekula na kuvaa kwa kusema kweli katika gazeti la Tarumbeta, mpaka wakubwa wa mji huu wakawa wananisalimia wao kwanza.

Ilikuwa hivi. Jumanne asubuhi, jua limeshapanda, tumekaa barazani kwa Bwana Devendra muuza vitambaa, tunakunywa kahawa na kumsema mtu ambaye hayupo. Lori likasimama. Mgambo wakashuka. Ni hii Nguvu Kazi, sijui kama huko Songea mmeipata: kila mtu aonyeshe kitambulisho cha kazi, asiyekuwa nacho ni mzururaji, anapelekwa kijijini akalime. Wilbert akapapasa mfuko. Sasa atoe nini, mwanangu? Siku tulipostaafu gazeti lilichukua kadi yake, likachukua na kamera yake, akabaki na macho.

Mimi hawakunigusa. Nadhani walinitambua. Halafu nilikuwa nimekalia kiti cha mlinzi wa duka, kwa hiyo Bwana Devendra akatoka akasema, "Huyu mlinzi wangu." Alipotaka kusema hivyo kwa Wilbert, mgambo akamuuliza, "Kwani unauza vitambaa au dhahabu? Walinzi wawili wa nini?" Na Mhindi mwaka huu, wanavyowatafuta wahujumu uchumi, akiulizwa swali mara moja hasubiri la pili.

Ila Wilbert hakulia. Alipanda lori mwenyewe, akageuka, akanyoosha shati, akasema mtaa mzima ukasikia: "Babu zangu Wangoni walitoka Afrika Kusini mpaka Songea kwa miguu. Mimi leo serikali imenipa lori." Watu wakafa kwa kucheka. Mgambo mmoja alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Ndivyo mtani wangu alivyoondoka.

Sasa usilie. Inatakiwa barua moja tu ya gazeti, iseme huyu alikuwa mtu wetu, amestaafu, si mzururaji. Na mimi pale gazetini jina langu ni ufunguo. Wiki ijayo baba yako yuko hapa ananimalizia kashata zangu.

Ni mimi baba yako mdogo,
Shomari Mbonde
Mwandishi mashuhuri mstaafu


Songea
19 Novemba 1983

Shikamoo baba mdogo,

Barua yako ilinikuta zahanati, zamu yangu ikiwa katikati. Nilienda kuisomea stoo ya dawa, ambako siku hizi kuna nafasi kubwa maana dawa zenyewe hakuna. Nililia. Nilipofika pale pa lori nikacheka nikiwa nalia, mhudumu mwenzangu akaja kuniangalia kama nimepandwa na malaria. Jioni niliwasomea watoto. Sasa mdogo kila akipanda kitandani anasema, "Mimi leo serikali imenipa lori."

Nimejua alipo, ofisi ya wilaya hapa imeniulizia. Ni kijiji kinaitwa Mikundi, Rufiji. Nilimpigia mwenyekiti simu ya maandishi, na amejibu kwa ustaarabu. Anasema yeye kamwe hana nia ya kumshikilia mzee wa watu. Ila aliletewa na serikali, na hawezi kumwachia bila karatasi ya mwajiri wake. Kwa hiyo ni kama ulivyosema, ni ile barua tu. Mimi likizo nimenyimwa, tuko wauguzi wawili kata nzima, kwa hiyo tegemeo langu ni wewe.

Lakini baba mdogo, nina wasiwasi, na naomba usinicheke. Nikiwa mdogo, marehemu mama alikuwa ananifunulia Tarumbeta ananiambia, "Ona, hii kaipiga baba yako." Mimi nikitazama chini ya picha naona pameandikwa "Picha na Mpiga Picha Wetu." Niliamini hilo ndilo jina la baba la kazini. Mpaka nimekuwa mtu mzima sijawahi kuona jina lake kwenye gazeti hata mara moja. Je, huko ofisini limeandikwa mahali?

Mwanao,
Hyasinta Komba


Kariakoo
5 Desemba 1983

Mwanangu Hyasinta,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mwenyewe, neno kwa neno, kama mtu anayechambua mchele. Unajua mimi kusoma nimekujulia ukubwani, kwenye kisomo, nimekaa dawati moja na bibi mmoja aliyekuwa ananitazamia jibu. Nilipoingia Tarumbeta nilikuwa sijui hata herufi a inaangalia upande gani. Na bado nikawa mkubwa wao wote.

Sasa swali lako la jina. Kaa nikueleze. Mimi nilikuwa nabeba magunia sokoni, soko la zamani lile, kabla hawajalivunja. Akaja mhariri wa Tarumbeta anauliza kwa nini vitunguu vimepotea mjini. Wakubwa wa soko wakamwambia ni mvua, mashamba yameoza. Mimi na gunia langu begani nikamwambia, "Mzee, vitunguu havijaoza. Vimelala ghala lile pale, mlango wa nyuma, tena vinakoroma." Kesho yake habari yote imo gazetini, ghala limefunguliwa, kina mama wanaimba barabarani. Mhariri akanirudia akasema, njoo uwe unanisikilizia mji. Ndiyo ikawa kazi.

Mimi nasikia, Wilbert anaandika, maana yeye alisomeshwa na mapadri kule Peramiho, halafu anapiga na picha. Mimi sikio na mdomo, yeye jicho na mkono. Ukituweka pamoja unapata mwandishi mmoja ambaye Bongo hii haijazaa mwingine. Meli haijafunga gati sisi tunajua imebeba nini. Mtu akifukuzwa kazi wizarani, mke wake anasikia kwetu.

Lakini tulikuwa vibarua wa habari. Unaleta, unapewa chako, unaondoka. Kibarua haandikwi jina. Wanaweka "Na Mwandishi Wetu," "Picha na Mpiga Picha Wetu," yamekwisha. Wilbert lilikuwa linamuuma kimyakimya. Mimi nilikuwa naringa. Nilimwambia, "Wale wenye majina kila mtu wa kwao. Sisi gazeti zima linasema ni watu wake."

Basi nimeenda gazetini, pale jirani na Posta. Mlangoni kijana akaniuliza, "Mzee, unamtafuta nani?" Nikamwambia, "Wewe ingia kaulize nani ananitafuta mimi." Akanikalisha kwenye benchi mpaka adhana ya adhuhuri. Mhariri sasa hivi ni kijana anaitwa Polycarp, mwenye adabu zake, akanipa shikamoo na kiti. Akamwita mtu wa masijala. Jina la Shomari Mbonde, hakuna. Wilbert Komba, hakuna. Vibarua hawakufunguliwa faili. Akaniletea magazeti ya zamani yamefungwa pamoja kama matofali. Nikaanza kufunua. Hii yangu. Hii yetu. Hii Wilbert alipigwa konde akiichukua. Polycarp ananitazama tu. Mwisho akasema taratibu, "Mzee wangu, na mimi nikisema hii ni yangu?"

Hapo nikainua macho nikaona ukutani ile picha ya soko. Unaijua, ilitundikwa kila ofisi: soko jipya linajengwa, mazege yamefunguka juu kama miavuli, watu chini wadogo kama mtama. Baba yako aliipiga amelala kifudifudi ukingoni mwa paa, mimi nimekaa pembeni yake nimemshika mkanda wa suruali asiende kwa Mola na kamera ya watu, mguu wangu mmoja unaning'inia. Mguu ukaingia kwenye picha, kona ya chini, mkono wa kulia. Wilbert hakunisemesha wiki nzima kwa ajili ya mguu ule.

Na unajua kidole changu cha mwisho kilichukuliwa na gurudumu la mkokoteni. Kwenye picha hakipo. Nikavua katambuga, nikapandisha mguu juu ya kiti, chini ya picha pale. Wasichana wa taipu wakaacha mashine wakaja. Mpishi wa chai akaja. Polycarp akavaa miwani, akatazama mguu wa ukutani, akatazama wa kwenye kiti, akarudi wa ukutani.

"Mguu ni wako mzee. Sina ubishi."

"Basi andika barua."

"Niandike kwamba mguu huu ulikuwa juu ya paa? Paa lilijaa mafundi wa zege, nao walikuwa na miguu. Na picha haimwonyeshi aliyeipiga, mzee wangu. Ndivyo picha zilivyo."

Hiyo mwanangu nakiri ilinipata kidogo. Nikashusha mguu.

Lakini usitie shaka. Amesema atalifikisha kwa meneja, nirudi Jumatatu. Sisi tuliokaa na wakubwa tunajua, wakisema rudi Jumatatu jambo limekwisha.

Ni mimi,
Shomari Mbonde
Mwenye mguu maarufu


Songea
22 Desemba 1983

Shikamoo baba mdogo,

Nimecheka mguu wako, na watoto wamecheka. Halafu sikulala vizuri.

"Rudi Jumatatu" ndiyo maneno tunayowaambia wagonjwa sisi dawa zikiisha. Tunajua Jumatatu hazitakuwepo. Tunasema ili mtu apate nguvu ya kurudi nyumbani.

Nimemwandikia baba mara mbili, hajajibu. Yeye si mvivu wa kuandika. Kama wewe una habari zake, nzuri au mbaya, niambie kama zilivyo. Mimi nesi, nimezoea kuambiwa.

Krismasi njema, japo sukari haipo.

Hyasinta


Mikundi, Rufiji
8 Januari 1984

Mtani Shomari,

Hujambo. Barua hii anaichukua dereva wa lori la korosho, ameahidi kuitia posta Dar.

Hapa nimepewa jembe. Nimeligeuzageuza kama kamera mpya, bado sijaona pa kubonyeza. Vijana niliokuja nao karibu wote wametoroka kurudi huko, utawaona mtaani wanauza karanga. Mimi miguu yangu haina habari hiyo.

Mwenyekiti si mtu mbaya. Aliniuliza nilikuwa nafanya kazi gani mjini. Nikasema mpiga picha. Akauliza kamera iko wapi. Akaandika "hana kazi."

Nakohoa, alfajiri hasa, na juzi ilitoka damu kidogo. Hyasinta usimwambie. Ataacha wagonjwa wake aje, njia hii mvua ikianza haipitiki, na ana watoto. Barua zake ninazo, sijui nimjibu nini bila kudanganya, na wewe unajua mimi kudanganya sijui, ile ilikuwa idara yako. Mwambie nimenenepa.

Asubuhi mto unatoa ukungu. Watu wanaovuka wanaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu, chini hawana kitu. Nafumba jicho moja, napiga. Nina picha nyingi sasa.

Ukienda gazetini usianze na hadithi ya vitunguu. Ukishapanda hadithi ile hujui kushuka. Waambie tu mimi ni nani. Safari hii labda watasikia.

Mtani wako,
W. Komba


Kariakoo
29 Januari 1984

Mwanangu Hyasinta,

Nianze na nzuri. Baba yako ameniandikia. Amenenepa. Anasema samaki wa Rufiji wanajileta wenyewe jikoni, kijiji kizima kinamwita fundi, na asubuhi anakaa kando ya mto kama bwana mkubwa. Hajakujibu kwa sababu anaona aibu, shati halifungi kifungo cha tumbo. Wasiwasi uondoe.

Nyingine si mbaya, ila zinajivuta. Jumatatu nilienda. Na ya pili yake, na ile iliyofuata. Polycarp yule kijana aliichapa barua kwa mkono wake mwenyewe, nimeiona kwa macho: "Gazeti linamtambua Bwana Wilbert Komba." Kilichobaki ni sahihi ya meneja. Meneja akasema mwaka huu mtu akimwandikia mzururaji barua ya uongo, atapakiwa naye lori moja. Nikamwambia si uongo. Akasema, "Nionyeshe." Nikaanza kuvua katambuga, Polycarp akanishika mkono.

Alinisindikiza mpaka chini kwenye ngazi. Akaniambia, "Mzee, nami nilianza na 'Na Mwandishi Wetu.' Zile nilizoandika mwanzo, nikimwonyesha mke wangu, ananiambia hebu acha uongo."

Basi nikasema niende kwa mkubwa mmoja, simtaji, ambaye zamani nilimwandika vizuri mpaka akapanda cheo. Nimesimama getini kwake siku mbili. Siku ya pili gari lake likatoka, vioo vimepandishwa, akanipungia mkono. Au alikuwa anafukuza nzi.

Bwana Devendra amefunga duka, ameenda kwa nduguze Moshi kusubiri upepo upite, kwa hiyo na mimi ulinzi umekwisha. Sasa natembea na ndoo ya maji kutwa nzima, kutoka bombani kurudi bombani. Mtu mwenye ndoo hazururi, ana shughuli. Mgambo walinipita jana wakanipa pole na kazi. Ndoo hiyohiyo ndiyo inanifunga: Mikundi ningeenda mwenyewe nikamchukue, lakini kwenye basi nitawaambia maji napeleka wapi?

Jumatatu narudi kwa meneja. Nitamwachia ile ya vitunguu yote, toka mwanzo. Hiyo haijawahi kushindwa.

Ni mimi baba yako mdogo,
Shomari


Songea
2 Aprili 1984

Baba mdogo Shomari,

Shikamoo.

Baba amefariki. Mwenyekiti alinipigia simu ya maandishi tarehe kumi na saba Machi. Nilifika Mikundi wakiwa wameshamzika, mto ulijaa na mtumbwi ulikataa kuvuka mpaka maji yapungue. Nilikaa ng'ambo natazama nyumba.

Walimzika vizuri. Wanawake wa pale walimlilia. Nilimuuliza mwenyekiti kaburi ni lipi, akanipeleka, akasema, "Huyu ndiye mzee wetu." Msalabani walikuwa wameandika kwa mkaa "Mzee wa Dar." Wengi walikuwa hawajui jina lake. Mvua ilikuwa imeshaanza kulifuta hilo nalo. Nimeandika jipya, kwa rangi.

Yule mama aliyekuwa anampikia uji aliniambia alikohoa tangu Krismasi, na damu. Alisema alikuwa mwembamba mpaka jembe lilimzidi. Mimi ni nesi, baba mdogo. Dawa ya kifua ile ipo hapa kwetu, ni moja ya chache zilizopo. Naigawa kila siku kwa watu nisiowajua. Ungeniambia anakohoa ningeituma hata kwa yule dereva wa korosho anayepita Mikundi. Wewe uliniambia samaki wanajileta jikoni.

Najua alikuomba usiniambie. Namjua. Lakini yeye alikuomba kunyamaza. Samaki uliwatia wewe.

Sikuandikii kukugombeza, nimeshagomba peke yangu njia nzima kutoka Rufiji. Nakuandikia kwa sababu arobaini tunaifanya hapa Songea mwisho wa mwezi, na wewe mtani wake huwezi kufika. Hadithi nyingine zote sitaki. Nataka ile ya lori tu. Niandikie vizuri, toka alipopanda mpaka alivyosema, kila neno, nitaisoma mbele ya watu. Ndugu zake wa Peramiho hawajui alivyoishi huko, na mimi nilichobaki nacho cha kwake ni hicho.

Hyasinta Wilbert Komba


Kariakoo
13 Aprili 1984

Mwanangu Hyasinta,

Marahaba, na pole. Pole haitoshi lakini ndiyo iliyopo.

Ya samaki umesema kweli. Aliniomba niseme amenenepa, nikaona neno moja halitoshi kukulaza usingizi, nikaongeza. Ningejua mnayo dawa. Hata hilo sikuuliza. Mtu mzima nimeishi kwa kuuliza watu maswali, hilo moja sikuuliza.

Kwetu Wamatumbi na ninyi Wangoni, mtani ndiye anayesimama mlangoni siku ya msiba, anawazuia wabeba jeneza, anamsema marehemu uvivu wake na uchoyo wake mpaka wenye msiba wacheke wapate kupumua. Bila mtani mtu amezikwa kama mzigo. Wilbert kazikwa hana wa kumcheka, na mimi huku natembeza ndoo. Nilienda kumwambia Polycarp. Akainuka akaishusha ile picha ya soko, akaandika nyuma yake kwa kalamu, "Ilipigwa na Wilbert Komba," akairudisha ukutani. Zaidi ya hapo hana uwezo. Na nyuma ya picha nani anasoma, lakini nilimshukuru.

Sasa hiyo ya lori. Nimeshika kalamu tangu asubuhi.

Watu wa Kariakoo wanaisimulia kombo, hilo silifuti. Hakukimbia, hakulewa. Kulia, macho yalimjaa, na yangu yalijaa, kwa hiyo sikuona sawasawa. Alipandishwa. Mguu haukufika juu, mgambo mmoja akamshika kwapani akamwinua, tena kwa upole, kama mtu anayempandisha baba yake. Akageuka. Akanitafuta kwenye watu mpaka akaniona. Akasema, "Shomari, waambie mimi ni nani."

Nikawaambia. Nilishika ubao wa lori nikawaambia. Nikaanza na vitunguu, unajua mimi, nikaenda kwenye ghala, nikafika kwenye soko na mguu, na lori limeshawasha moto linaanza kutembea na mimi natembea nalo. Mtaa ulicheka kweli, hilo halikuwa uongo, na mgambo kofia ilimwanguka kweli. Walikuwa wananicheka mimi. Walidhani ni vichekesho vyangu vya kila siku. Yule mgambo akaokota kofia yake akaniuliza, "Na wewe mzee, wewe ni nani?"

Nikasema mlinzi wa duka.

Basi. Wilbert alikuwa anasikia. Akakaa chini kwenye mbao, sikumwona tena.

Siku ya arobaini waambie wewe. Waambie ni Wilbert Komba, mpiga picha wa Tarumbeta. Wewe jina lake unalo, hakuna atakayekuuliza uonyeshe. Na ile ya babu zenu kutembea kwa miguu na yeye kupewa lori la serikali, ukitaka wacheke wasomee, ni utani mzuri, ndio ningeusema mlangoni kama ningekuwepo. Lakini useme ni wa Shomari. Niliutunga mimi siku ile naandika barua ya kwanza. Baba yako hakuusema.

Na Shomari Mbonde